Kwa nini siku hizi wananisoma mpaka mwisho

Aliyeniambia maisha ya mtu wa Mbagala hayana cha kusomwa ni msomi, anavaa tai hata Jumamosi. Andika mambo makubwa, akasema, tena anza na nukuu ya mtu mashuhuri. Haya. Nikaandika "Umuhimu wa Muda", maneno mazito mwanzo mwisho, "mwanadamu" yumo kila mstari, nikawarushia ndugu na marafiki kwenye simu. Yakaja madole gumba. Shangazi akajibu "Hongera mwanangu" kabla hata sijaiweka simu chini. Mjomba ndiye kaniua kabisa: kasoma kichwa tu, akadhani naomba muda wa maongezi, akanitumia vocha. Nilikaa kimya, vocha nikaitumia.

Baadaye nikaandika nilivyonunua vibua soko la samaki Feri, basi. Alfajiri, mnada umepamba moto, dalali anataja bei kwa kasi hujui nani kashinda. Kusi linavuma, vyombo vichache vimeingia, kwa hiyo bei haishikiki. Nikafunua mashavu ya samaki nione kama bado mekundu, muuzaji kanidaka mkono: "Bro, nunua kwanza ndiyo umpime!" Nikaandika na bei, elfu saba au nane hivi, pamoja na ya mpaa samaki. Simu haikutulia siku hiyo. Shangazi huyohuyo kanipigia kunigombeza: kibua anaangaliwa macho, mashavu wanayapaka damu!

Ujanja wangu nautoa bure. Kabla ya kutuma, namsomea jirani yangu, mama mmoja fundi cherehani. Simuulizi kama ni nzuri, maana atasema nzuri, mimi ni mpangaji mwenzake. Nasikiliza cherehani. Ikiendelea kukereza, aya hiyo naifuta. Ikisimama, ninaendelea. Akisema, "Ngoja kwanza, huyo dalali alishika hela mkononi?" naandika jibu palepale alipoulizia. Hadithi yangu ya basi la mwendokasi, ya kusimama Kimara mpaka Kivukoni kwapa la mtu usoni, aliisimamishia suruali ya mteja nzima.

Andika fupi, watu wanasoma kwenye foleni. Majina badilisha, hasa ya wanaokudai. Na bei usiache kutaja, hata kwa kukisia. Ukikosea watakusahihisha wenyewe, wala hutakosa wa kubishana naye hadi usiku.