Ubuyu hauishi mezani kwetu

Kiangazi hiki cha Dodoma, upepo na vumbi tele, jagi la ubuyu halikosekani mezani kwetu. Nazungumzia ubuyu wenyewe, ule mweupe unaotoka moja kwa moja kwenye buyu, siyo ule mwekundu uliojaa rangi na sukari wanaouziwa watoto njiani wakitoka shule.

Bibi ndiye anayeutengeneza. Anapasua buyu, anatoa mbegu zilizoshikana na unga na nyuzinyuzi, anaziloweka kwenye maji yaliyochemshwa yakapoa, anavuruga kwa mwiko mpaka unga wote uachie, kisha anachuja. Hauchemshi, na yuko sahihi kabisa: moto unapunguza vitamini C, na unga wa ubuyu unayo nyingi kuliko chungwa la uzito uleule.

Tunaunywa na ugali wa uwele kwa mlenda. Chakula cha Wagogo hiki jamani, tusikionee aibu! Uwele una madini ya chuma, na vitamini C inausaidia mwili kuyafyonza. Chai inafanya kinyume, ndiyo maana tumeisogeza mbali na saa ya mlo. Baba alikuwa anasumbuliwa na choo kigumu, siku hizi simsikii akilalamika.

Kichanga wa chini ya miezi sita haonjeshwi, yeye ni maziwa ya mama tu. Na homa ikipanda hatuungojei ubuyu, tunawahi kituo cha afya kupima malaria.

Ukipita soko la Majengo, ulizia usiotiwa rangi.