Vijiwe vya Mama

Jumatatu, kabla ya adhana ya alfajiri, Mama aliniita kwa sauti nisiyoizoea. Nilimkuta ameng'ang'ania ubao wa kitanda kama abiria wa dau lililokumbwa na kusi.

"Nasikia kisunzi. Nimegeuka kulia tu, nyumba nzima yazunguka."

Sisi wa Kibokoni, Mji wa Kale Mombasa, mtu akitaja kisunzi twataja presha. Jirani akaja na kipimo chake: presha ya msichana. Shangazi akanong'ona mambo ya jini, ubani ukafukizwa (haudhuru, na chumba kilinukia vizuri). Mama alipolalia tena ubavu wa kulia, yale yale. Dakika haitimii, kunatulia. Akigeuka, yaanza upya, na kigegezi juu yake. Mahamri na mbaazi vilipoa kwenye sahani.

Kliniki ya kwanza walitupa dawa za malaria bila hata kumtoa damu. Hilo nitaliandika siku nyingine. Ya pili tulimkuta daktari kijana, akauliza moja tu: "Mama, chakushika ukigeuka kitandani?" Akamkalisha, akamgeuza uso kulia kidogo, akamlaza chali ghafla, kichwa kikaning'inia ukingoni. Niliinama nikayaona macho ya Mama. Mboni zilikuwa zikicheza zenyewe: zateleza taratibu, zaruka kurudi, zateleza tena. Mama alinifinya mkono hadi kucha zikaingia.

"Ni sikio," akasema daktari.

Sikio! Mama huyu anayesikia sarafu ikianguka nyumba ya tatu?

Kumbe sikio la ndani lina kazi mbili. Upande mmoja umejikunja kama konokono, nao ni wa sauti. Kiwambo cha sikio kikitikisika, vifupa vitatu, nyundo, fuawe na kikuku, hupokezana mtikiso huo hadi kwenye maji yaliyomo ndani ya konokono, na seli zenye vinywele hupeleka habari kwenye ubongo. Kikuku ndicho kifupa kidogo kuliko vyote mwilini, kama milimita 3. Seli hizo zikifa hazioti nyingine. Hapo nikakumbuka miaka yangu yote ya kukaa chini ya spika za matatu za Bamburi.

Upande wa pili ndio ulioniduwaza. Kuna mifereji mitatu iliyopinda, kila mmoja umeelekea kwake, imejaa maji. Ukigeuza kichwa maji huchelewa kidogo, yakainamisha vinywele, ubongo ukajua umegeuka. Karibu na mifereji hiyo kuna vijiwe vidogo mno vilivyolalia utando laini, ndivyo vinavyotujulisha chini ni wapi. Umri ukienda, vingine hubanduka vikatumbukia mferejini. Basi Mama akigeuka vyaviringika, vyasukuma maji, na sikio laapa kuwa bado anazunguka ilhali amelala kitandani.

"Vijiwe vya nini, mwanangu?" Mama akauliza.

"Vya kalisi kaboneti, Mama," akajibu daktari. "Kitu kile kile cha matumbawe."

Nyumba yetu kuta zake ni mawe ya matumbawe na chokaa, na kila masika tunazoa vipande sakafuni. Mama akafikiri kidogo. "Basi nami nabanduka lipu."

Dawa yenyewe haikuwa ya kumeza. Daktari alimgeuza kichwa kushoto, akamlaza ubavu uso ukitazama sakafu, kisha akamwinua. Kila mkao akingoja kisunzi kitulie. Vijiwe huviringishwa hivyo mpaka vitoke mferejini, kama gololi ndani ya bomba la mpira. Mbinu hiyo aliibuni daktari wa Marekani, John Epley. Tulirudia mara mbili, na sikuona sindano wala kidonge.

Njiani nilimkumbuka mwalimu wetu wa Kiingereza aliyetucheka kwa kusema twasikia njaa, twasikia baridi. Njaa haina sauti, alisema, mwaisikiaje? Njaa namwachia. Kisunzi je?

Usiku nilikaa kwenye kiti karibu na kitanda, taa imezimwa. Mama akasoma dua, akashusha pumzi, akageuka kulia polepole. Nikangoja.

"Wasikia nini, Mama?"

Akakaa kimya kidogo.

"Nasikia paka wa jirani juu ya mabati."