Siku moja ya fundi matanga Kilifi: kukata tanga kuukuu au kuagiza jipya?

Saa 12 asubuhi niko bandani tayari. Tanga hupimwa kabla upepo haujaamka; kusi ikishashika kasi kwenye hori ya Kilifi, kitambaa kikubwa hakilaliki chini kikatulia. Na leo nina kitambaa kikubwa hasa: jenoa, lile tanga la mbele la vyombo vya starehe, karibu mita za mraba 37.

Mwenyewe ni mama wa hapa hapa, chombo chake futi 30. Tanga lake la mbele lilichanika kusi ilipoingia. Msafiri mmoja aliyekuwa akiuza vitu vyake akamwachia hili kwa bei ya bure, ila limetoka kwenye chombo kikubwa kuliko chake. Swali aliloniachia jana ni moja: "Fundi, ukilikata litanifaa, au niagize jipya?"

Saa 1 nimeshalivuta pembe zote tatu na kupitisha futi kamba. Ukingo wa mbele ni mita 12.6, na chombo cha Mama, kwa makadirio yangu, hakipokei hata mita 11.5. Kwa hiyo kukata ni lazima. Hapo ndipo wengi wanapojipa moyo: tanga refu hupunguzika, basi kazi imekwisha. Mimi urefu huutazama mwisho. Kwanza kitambaa.

Saa 2 na nusu naanza na uzi. Nausugua kwa ukucha wa kidole gumba kwenye kila mshono. Nyuma na chini uzi unakatika kama majani makavu, kwa sababu tanga linapoviringishwa kwenye waya wa mbele, ule unaoshika mlingoti kutoka omo, kingo hizo mbili ndizo hubaki nje, na jua letu halina huruma na polista, kitambaa cha nyuzi za plastiki. Utepe wa kukinga jua ulishabanduka zamani. Katikati hali ni nzuri zaidi: nachoma sindano, naivuta kando, tundu halipanuki.

Ukiishia hapo utasema likatwe. Sehemu iliyoungua ndiyo hiyo hiyo inayotakiwa kuondoka! Nakiri inavutia, na kazi ya wiki nzima kwa fundi si kitu cha kukataa ovyo.

Lakini tanga si shuka, lina kitumbo, ule mbinuko unaoshika upepo. Saa 4 nalifunga pembe zote kwenye nguzo za banda lininginie, kisha navuta uzi kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma, katikati ya urefu wake. Upana pale ni mita 3, na kina kikubwa kabisa kiko mita 1.5 kutoka mbele. Jenoa lenye afya huwa na kina chake mbele ya nusu, kwenye asilimia 35 hadi 40 ya upana. Hili limevutika kwa miaka, kitumbo kimerudi nyuma. Sasa nikiondoa sentimita 80 za nyuma, kitumbo hakihami. Upana unabaki mita 2.2 na kina kiko palepale kwenye 1.5. Yaani kimepita thuluthi mbili. Tanga la namna hiyo hukilaza chombo ubavu badala ya kukisukuma mbele, na joshi, yaani upande upepo unakotoka, hakiendi. Kutoka mlango wa Kilifi kusi ikivuma ni kubisha, yaani kuukabili upepo kwa kukata kushoto na kulia, mwamba huku na mwamba huku. Siwezi kumpa mtu tanga la hivyo akatoka nalo pale.

Kulirudisha bapa kunawezekana, kwa kufumua mishono na kuikaza upya mmoja mmoja. Ni kazi ya siku kadhaa juu ya kitambaa kilichokwisha kuchoka.

Saa 6 mchana mvuvi ameleta tanga la mashua, dasi, kamba ya ukingoni mwa tanga, imefumuka kwa chini. Nikavaa dofra kiganjani, kile kinga cha ngozi cha kusukumia sindano, nikalishona akiwa amekaa ananisubiri. La kwake halina mjadala, kitambaa bado kigumu.

Saa 8 Mama amefika. Nimemwonyesha uzi, nimemwonyesha kitumbo, kisha hesabu: dasi mpya ya kuingia kwenye mfereji wa waya wake wa mbele, pembe ya demani (ile ya nyuma chini, inapofungwa kamba ya kuvutia tanga) kujengwa upya tabaka kwa tabaka, utepe wa jua, mishono yote kurudiwa. Jumla imevuka nusu ya bei ya jipya. Mimi nikivuka nusu huwa namwambia mtu aache.

"Jipya litatoka Cape Town, Fundi. Na ushuru Mombasa?"

"Ushuru utalipa mara moja, Mama. Hili utanilipa sasa, na baada ya kaskazi mbili utarudi."

Akanyamaza kidogo. "Haya, twende ukapime."

Saa 10 jioni maji yamejaa, tumepiga makasia hadi kwenye chombo. Nimefunga futi kamba kwenye jarari, kamba ya kupandishia tanga, nikaipandisha hadi juu kabisa na kusoma kwenye pini ya chini: mita 11.2. Kutoka mlingoti hadi waya wa mbele, mita 3.6. Nimepima pia upana wa mfereji na mahali demani inapopita, kwani kosa la sentimita chache hapo huwezi kulirekebisha tanga likishashonwa.

Usiku nimeandika oda. Upana asilimia 120 tu ya ile nafasi ya kutoka mlingoti hadi waya wa mbele, kwa sababu kwa upepo wa huku tanga kubwa sana hukaa limeviringishwa nusu muda wote. Polista ya kufuma, gramu 280 hivi kwa mita ya mraba, si ile ya tabaka zilizogandishwa, ambayo joto na unyevu wa pwani huiachanisha. Pembe ya demani iinuliwe kidogo ili Mama aone mbele. Na mishono, nimeomba safu tatu.