Hita ya Saa Saba Mchana

Juzi tulipofika Busisi, kwenye daraja la Ziwa Victoria la kwenda Mwanza, niliegesha pembeni, injini ikaendelea kuunguruma, nikashuka kufungua boneti. Binti yangu akatoa kichwa dirishani.

"Baba, kwani limeharibika?"

"Hapana."

"Sasa tunasubiri nini?"

Tulikuwa tunasubiri feni ya kupoza injini iwake. Nikamwambia nasikiliza tu, akarudi kwenye simu yangu. Daraja hilo hapo mbele, kilomita 3 juu ya maji, na tangu Juni 2025 watu wanavuka kwa dakika chache tu. Feni ikawaka, ikazima, nikafunga boneti tukavuka. Hadi Usagara nikawa namuwaza mama.

Siku moja kabla ya daraja, tulipokuwa tukivuka kwa kivuko, mama alikaa mbele, magoti yamevimba, tunawahi kliniki hospitali ya Bugando, Mwanza. Gari letu, Carina, lilitoka Geita bila neno, mshale wa joto umetulia chini ya nusu njia nzima. Tukaingia kwenye foleni ya kivuko: malori, mabasi, Noah, jua la saa saba. Unasogea kidogo, unasimama. Hapo mshale ukaanza kupanda. Barabarani upepo wenyewe unaipoza rejeta, lakini gari likisimama kazi yote inabaki kwa feni, na feni yetu ilikuwa kimya.

Nikapeleka mkono kwenye ufunguo.

"Usizime!"

Ni dereva wa Fuso iliyokuwa nyuma yetu, kaja na muhogo wa kuchoma mkononi. Akachungulia dashibodi. "Bado haijagusa nyekundu. Ukizima, maji yanaacha kuzunguka na joto lote linabaki kwenye silinda hedi, kichwa cha injini. Washa hita, ivute joto la injini ilete ndani. Joto mwisho, na feni ya ndani mwisho."

Hita! Tangu gari lile liwe letu hakuna aliyewahi kugusa kitufe kile. Mwanza na Geita hita ya nini? Nikazungusha. Kwanza likatoka vumbi lenye harufu ya majani makavu, kisha upepo wa moto ukatupiga usoni. Mama akashika upindo wa kitenge akajifuta paji, akajifuta shingo, kisha akakiacha kitenge kidondoke mapajani. Wauza samaki waliokuwa wanakuja na sato wao wakaahirisha biashara, wakasimama kututazama. Mshale ukagoma kupanda. Haukushuka, ila uligoma.

"Shikamoo mama," dereva akainama dirishani. "Vumilia kidogo, tunaipunguzia injini joto."

"Marahaba." Mama akanigeukia. "Baba, huyu rafiki yako ananikausha kama dagaa?"

Yule bwana akacheka mpaka muhogo ukamdondoka. Kisha akaingia kazini. Akachomoa waya wa swichi ya joto, ambayo kwa injini zile ukiichomoa feni inatakiwa iwake yenyewe. Kimya. Akatazama fyuzi, nzima. Akaniomba spana, akaigeuza, akagonga kwa mpini ganda la mota ya feni, mkono wake ukiwa mbali na mapanga. Mara ya kwanza, hakuna kitu. Mara ya pili ikashtuka, ikazunguka kwa kelele mbaya niliyoipenda papo hapo.

"Kaboni za kupeleka umeme ndani ya mota zimekwisha. Leo utafika. Kesho usiniulize."

Hela alikataa. Soda akachukua. Bugando tukawahi, mama jasho bado linamtoka.

Mengine yalikuwa ya gereji na pochi. Mota ya mtumba ikafungwa. Fundi akagundua themostati haipo. Kuna mafundi huziondoa kwa hoja kwamba huku kwetu ni joto, wakati kazi yake ni kuiwezesha injini ifikie joto lake na ibaki hapo. Bila hiyo mafuta yanaliwa zaidi. Ikarudishwa. Maji ya bomba yakamwagwa, yametoka rangi ya chai, ikatiwa kulanti, maji maalumu ya kupoza injini, ili kutu isiendelee kula njia za maji. Taimingi belti, mkanda unaoendesha vali za injini, kwa injini kama ile hubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi, nami sikungoja hesabu. Gari la mtumba linalokwenda Geita na kurudi kila mwezi, nani anaiamini namba ya kwenye dashibodi?

Ila kuna jambo linanisumbua, hata kama nikilisema nitaonekana mjinga. Kivuko kilitutesa, tena sana. Lakini palikuwa mahali pekee kwenye safari ambapo gari lilisimama likiwa na joto, na mwenyewe huna la kufanya. Unafungua boneti, unavuta kijiti cha oili, unabonyeza mpira wa rejeta kama umelegea, unatazama tairi. Dereva wa pembeni naye anachungulia, anasema neno. Sasa tunapita tu. Gari lenye feni mbovu linaweza kuvuka daraja lote kwa raha, likaja kuchemka kwenye foleni ya Buzuruga saa kumi na moja jioni. Kwa hiyo nasimama Busisi. Mke wangu anasema ni ushirikina. Huenda.

Mama yeye ana nadharia yake. Anashikilia kwamba magoti yalianza kupata nafuu siku ile, wala si kwa dawa. Kila nikienda kumchukua, hata kabla hatujafika Sengerema, anauliza kama ile hita bado nzima, na ananitaka niiwashe kidogo. Nami nawasha, nafungua kioo cha upande wangu.