Kompyuta darasani, kompyuta kwa masafa: nilivyozimudu zote mbili

Somo la misingi ya kompyuta nimelisoma mara mbili: kwanza darasani nikichukua diploma, kisha kwa masafa, yaani kwa video na noti za mtandaoni, nilipoanza shahada nikiwa kazini. Anayeniuliza lipi bora, nami namuuliza: umeshawahi kushika kipanya?

Maana darasani kinachofundishwa kwanza ni mkono. Tulikaa wawili wawili kwenye kompyuta moja, na anayejua ndiye aliyeng'ang'ania kipanya, mwenzake mtazamaji. Hata hivyo mwalimu alipita nyuma ya viti, akaona mtu anabofya kulia badala ya kushoto, akamwelekeza palepale. Video haikuoni.

Kwenye masafa, kazi ya kwanza ya Excel, programu ya majedwali na hesabu, tuliletewa orodha ya mauzo ya duka tuijumlishe. Naandika =SUM(C2:C15), fomula ya kujumlisha visanduku (seli) kuanzia C2 hadi C15, jibu 0. Halilalamiki, halielezi, sifuri tu. Nilikesha nayo mpaka nikagundua kwamba tarakimu zote zimeegemea kushoto mwa seli, na kila seli ina kipembe cha kijani juu. Excel kwa kawaida huweka namba kulia na maandishi kushoto. Safu nzima ilihifadhiwa kama maandishi, na SUM huyaruka maandishi kimya kimya. Nikazichagua seli hizo, nikabofya alama ya onyo iliyotokea kando, nikazigeuza kuwa namba, jumla ikatoka. Darasani mwalimu angenimalizia kwa nusu dakika, na leo ningekuwa nimeshasahau.

Nilichokuja kuzoea ni hiki. Bando la usiku nililitumia kupakua video na noti za wiki nzima kutoka Moodle, jukwaa la masomo mtandaoni, mchana nasoma bila intaneti. Kazi nilituma mapema, umeme wetu haujali saa ya mwisho ya kukusanya. Na swali sikuliandika "mwalimu, inagoma". Nilipiga picha ya skrini, fomula ikionekana juu, nikaeleza nilitegemea nini na nimepata nini. Hapo ndipo majibu yalipoanza kunisaidia.

Kwa wanaoanza sasa kuna jambo jingine. Wengi wanatoka kwenye simu, wanaandika haraka kuliko mimi, lakini ukiwauliza faili wamelihifadhi folda gani wanakuangalia tu. Mdogo wangu yumo humo. Nimemwambia muhula wa kwanza aingie maabara, na akifika awahi kiti cha upande wa kipanya.