Nilivyojifunza Kuupima Mwanga wa Ziwa Nikiwa Mwanafunzi Mgeni Mwanza

Kila ninapokutana na mwanafunzi mgeni hapa Mwanza anayetamani kujifunza kupiga picha, swali lake la kwanza huwa ni kamera gani anunue, nami hujua papo hapo kwamba ameshazungumza na watu wa aina ileile niliozungumza nao mimi. Nilipofika kutoka Mombasa kusomea uhasibu, nilielezwa kwa uhakika mkubwa kwamba nahitaji kamera kubwa zaidi, flashi ya kuchomeka juu, lenzi ndefu na stendi ya miguu mitatu, na kwamba bila vitu hivyo nisijisumbue. Ushauri ule unaniudhi mpaka leo, kwa sababu hakuna hata mmoja kati ya wale walionipa aliyenieleza jambo lenye uzito kuliko hayo yote: kamera haijui ni kitu gani unataka kionekane. Yenyewe hukadiria tu, na kando ya Ziwa Victoria makadirio yake hukosea asubuhi, mchana na jioni.

Kamera yangu ni ya mtumba. Niliinunua kwa laki tano na ushee za Kitanzania pamoja na lenzi yake ya kawaida ya milimita 18 hadi 55, na ndiyo ninayoitumia hadi sasa. Kipimo cha mwanga kilichomo ndani yake, kama vilivyo vipimo vya kamera nyingi, kimetengenezwa kwa dhana kwamba vyote vilivyo mbele ya lenzi, vikichanganywa pamoja, vina weupe wa kijivu cha kati, kile kinachorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaokiangukia. Ukiielekeza kamera kwenye gunia la mkaa, itaongeza mwanga mpaka mkaa uwe wa kijivu. Ukiielekeza kwenye kanzu nyeupe, itapunguza mpaka kanzu nayo iwe ya kijivu. Mtu akishalielewa hili, mambo matatu yanayomtesa kila anayeanza, yaani tundu la lenzi (upana wa mlango unaopitisha mwanga, unaoandikwa kwa herufi f), kasi ya shata (muda ambao mwanga huachwa uingie) na ISO (wepesi wa kamera kuuhisi mwanga), hayawi tena hesabu za kukariri, bali huwa njia tatu za kuiambia kamera kwamba hapana, si hivyo, ongeza kidogo, au punguza kidogo.

Nyumbani sikuwahi kulazimika kuyafikiria haya. Mombasa jua huchomoza baharini, na jioni humulika likitokea bara, kwa hiyo mtu akisimama na bahari nyuma yake wakati wa alasiri jua humwangaza usoni bila wewe kufanya lolote. Mwanza mambo yamepinduka. Jiji limekaa upande wa mashariki wa ghuba, jioni jua huzama upande wa maji kuelekea Sengerema, na yeyote anayesimama na ziwa nyuma yake uso wake huwa kivulini wakati maji yanawaka kama bati jipya. Hapo ndipo watu hukuletea ile kanuni ya kale, eti jua liwe mgongoni mwako daima. Ukiifuata jioni ukiwa ufukweni utalipa ziwa kisogo, na watu utakaowapiga picha watakuwa wamekunja nyuso kwa kulitazama jua. Sioni faida ya kuishi kwenye mji wenye ziwa na miamba kama hii kisha ukafundishwa kuvigeuzia mgongo.

Aliyenipa somo la kwanza la kweli ni mama mmoja anayeuza dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki kando ya ziwa. Nilimwamkia, akaniitikia, nikamwomba ruhusa ya kumpiga picha akiwa amekaa chini ya mwavuli, ziwa likiwa nyuma yake. Nilipomwonyesha kioo cha kamera aliangalia kwa makini, kisha akasema, «Mwanangu, ziwa umelipatia kweli. Mimi mbona umenipaka masizi?» Alikuwa na haki kabisa. Kamera ilikuwa imeyaona maji mengi yenye kung'aa, ikapunguza mwanga ili kuyatuliza, na uso wake ukazama. Watu wawili wa studio niliowauliza baadaye walinipa jibu moja, kwamba ninunue flashi. Jibu sahihi lilikuwa limo ndani ya menyu ya kamera yenyewe, bila gharama yoyote.

Kamera nyingi za aina hii zina namna ya kupima mwanga wa sehemu ndogo tu iliyo katikati ya picha. Niliichagua, nikaielekeza sehemu hiyo kwenye shavu la mama, nikachukua kipimo. Hata hivyo kazi haiishii hapo, na hili sijawahi kulisikia likisemwa na mtu yeyote hapa mjini: ngozi nyeusi hurudisha mwanga mdogo kuliko kile kijivu cha kati, kwa hiyo kamera ikiupima uso mweusi peke yake itaongeza mwanga kupita kiasi, na mtu atatoka na rangi ya majivu, kana kwamba ametoka kuumwa. Baada ya kupima shavu, mimi hupunguza theluthi mbili za hatua, na kwa mtu mweusi sana hupunguza hatua nzima; katika kamera, kupunguza hatua moja ni kuupunguza mwanga kwa nusu, na kuongeza hatua moja ni kuuzidisha mara mbili. Ndipo ngozi inapotoka na rangi yake yenyewe.

Lililobaki lilikuwa ziwa, ambalo sasa liligeuka jeupe kabisa, na suluhisho lake lilikuwa pale pale chini ya mwavuli. Kulikuwa na viroba vyeupe vitupu vya kufungashia dagaa. Nilimwomba kijana mmoja mbeba mizigo akishike kiroba kimoja kikiwa kimekunjuliwa, umbali wa hatua moja hivi ya mguu kutoka kwa mama, kikitazama jua, kisha akigeuze polepole mpaka nikaona mwanga ukipanda kutoka kidevuni hadi kwenye paji la uso. Tofauti ilionekana kwa macho kabla hata sijabonyeza kitu. Uso ulipoangaza, niliweza kuipa kamera mwanga mdogo zaidi, na kwa njia hiyo maji yakarudi na rangi yake. Picha ile inaonyesha mpaka magamba madogo ya dagaa yaliyoganda kwenye vidole vya mama yule. Alipoiona akacheka, akamwita jirani yake naye aje apigwe, na tangu siku hiyo mwaloni pale ninaulizwa kiroba changu kiko wapi.

Dagaa walioanikwa wana tatizo la upande wa pili. Wakitandazwa juani saa tano asubuhi hung'aa kama fedha tupu, kamera inawapunguza, nao hutoka na rangi ya tope. Kitufe chenye alama ya kujumlisha na kutoa kinatosha: ongeza hatua moja, wakati mwingine moja na nusu, na uangalie magamba yasiungue, yaani yasigeuke meupe matupu. Kwa anayependa kuweka vipimo mwenyewe, jua la wazi la mchana lina kanuni yake ya zamani inayofanya kazi vizuri hapa: tundu la f/16, na kasi ya shata inayolingana na ISO, kwa mfano ISO 100 na sehemu ya 1/100 ya sekunde. Kanuni hiyo hupima jua lenyewe, kwa hiyo weupe au weusi wa kitu hauidanganyi.

Kazi ninayojivunia zaidi ni ya usiku. Wavuvi wa dagaa huvua kwa taa, zamani karabai na sasa kwa wingi taa za sola au betri, na usiku wa giza ukisimama Igombe, kwenye mwalo wa wavuvi, utaona mstari wa taa juu ya maji mithili ya mji mwingine. Kila mgeni hutaka picha hiyo. Mwenye studio mmoja alinisisitizia kwamba usiku bila flashi hakuna picha, akanikodishia ya kwake kwa elfu kadhaa. Nilimtii, nikaenda nayo, nikapiga. Flashi ya namna ile nguvu yake huisha mita chache tu mbele yako, na mitumbwi ilikuwa mbali mno, kwa hiyo ziwa lilitoka jeusi tititi. Kilichoonekana vizuri ni wale wadudu wa ziwani wanaoruka kwa mawingu na kufuata mwanga; kila mmoja alitoka akiwa doa jeupe, wamejaa kutoka kona hadi kona, na taa za wavuvi zimepotea nyuma yao. Nilimrudishia flashi yake pamoja na picha zile. Akaniambia tatizo ni kamera yangu.

Tatizo lilikuwa saa. Mafunzo mengi ya intaneti niliyoyasoma yameandikwa na watu wa Ulaya, nao husema jioni una muda mrefu wa mwanga laini. Mwanza iko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, jua hushuka karibu wima, na muda wa anga la buluu hupita haraka sana. Badala ya kununua programu ya simu, nilianza kutumia ratiba ya swala iliyobandikwa msikitini mtaani kwetu Nyegezi. Mwanga wa dhahabu huisha inapoingia Magharibi, ambayo hapa huingia karibu nusu saa baada ya Mombasa kwa sababu Mwanza iko mbali zaidi upande wa magharibi huku saa zetu ni zilezile. Kisha kati ya Magharibi na Isha, takriban dakika 15 hadi 25 baada ya jua kuzama, anga hubaki na buluu nzito inayolingana kwa nguvu na taa za mitumbwi inayowasha mapema. Katika dakika hizo chache miamba, maji na taa vyote huingia katika picha moja bila kimoja kukimeza kingine. Isha ikishaingia kunabaki nukta za mwanga kwenye weusi.

Ratiba ile ina faida ya pili ambayo sijaona mtu mwingine akiitumia. Tarehe zake za Kiislamu hufuata mwezi wa angani. Tarehe 13, 14 na 15, zile siku nyeupe ambazo wengi hufunga, ndipo mwezi unapokuwa mpevu, na wavuvi wengi wa dagaa hupumzika kwa sababu taa zao hushindwa kuwavuta dagaa mbele ya mbalamwezi. Kuanzia kumi la mwisho la mwezi giza hurudi, na mitumbwi nayo hurudi ziwani. Wenzangu wamewahi kukodi bodaboda hadi Igombe katikati ya mwezi wakakuta ziwa tupu, wakalaumu bahati. Mimi huangalia tarehe ukutani.

Stendi sijanunua mpaka leo. Zile za bei nafuu zinazouzwa mjini ni nyepesi, na upepo wa ziwa huzitikisa. Nilishona mfuko mdogo wa kitambaa, nikautia maharage kama kilo moja na nusu, nikaufunga vizuri. Mfuko huo ukiulaza juu ya mwamba hujishika kwenye kila shimo na kila mteremko, kamera huzama ndani yake na kutulia, na Mwanza miamba haijawahi kuwa ya kutafuta. Kisha weka kipima muda cha sekunde mbili ili kidole chako kisiitikise kamera, ISO 400, tundu la f/5.6, na shata iache wazi kati ya sekunde nne na nane kadiri anga linavyozidi kuwa zito. Ulengaji wa kamera yenyewe, ule unaoifanya picha iwe kali, hushindwa gizani, kwa hiyo kuza taa moja ya mbali kwenye kioo, izungushie lenzi kwa mkono mpaka iwe nukta kali, na usiiguse tena. Mizani ya rangi, yaani mpangilio unaoiambia kamera mwanga uliopo ni wa aina gani, iache kwenye alama ya jua. Ukiiacha kamera ichague, itafuta wekundu wa karabai.

Usiingie mwaloni na kamera bila kwanza kujitambulisha kwa viongozi wa BMU, yaani kikundi cha wavuvi kinachosimamia mwalo. Mimi nilikwenda na kitambulisho cha chuo, nikawaamkia wazee kwa «Mwangaluka», na sikuwahi kufukuzwa. Akina mama watu wazima waite «mayu», maana Kisukuma kidogo kutoka kwa mgeni hupokewa kwa moyo mweupe. Kamera usiielekeze kabisa kwenye vituo vya polisi na jeshi. Mchanga nao ni adui wa lenzi, kwa hiyo usibadilishe kitu ufukweni upepo ukivuma.

Na usidhani kazi imekwisha ukishapiga. Nilipopeleka picha za Kirumba zikachapishwe ili nimpelekee yule mama, zilirudi zikiwa zimeng'arishwa, uso wake una rangi isiyo yake. Mashine ya kuchapishia ilikuwa imefanya kosa lilelile la kamera: iliuona uso mweusi ikauvuta kuelekea kwenye kijivu. Fundi aliniambia wateja wote hufurahi wakitoka weupe. Nilikataa kulipia, nikamwomba azime marekebisho ya mashine na achapishe faili kama lilivyo, akafanya huku akinung'unika. Tulipoziweka zote mbili juu ya kaunta alizitazama kwa muda, kisha akaniuliza nilipima wapi. Nikamwonyesha shavu. Siku hizi akiona bahasha yangu huyazima marekebisho kabla sijasema neno, na bei ya kuchapisha ni ileile.