Haidrojeni kutoka kwenye mkojo

Wiki hii nilipata nafasi ya kusimama mbele ya meza ya maabara hapa Arusha na kutazama vibati viwili vya nikeli vikiwa vimetumbukizwa katika mkojo uliochanganywa na kostiki soda. Umeme ulipowashwa, viputo vidogo vilianza kupanda kwenye kibati cha upande wa hasi, na hiyo ndiyo haidrojeni, gesi inayoweza kutumika kama nishati. Kile cha upande wa chanya, ambacho ndicho kichocheo, yaani kitu kinachoharakisha mmenyuko, kiligeuka cheusi huku kikiivunja urea, ile kemikali iliyomo kwenye mkojo, ikawa nitrojeni na kaboneti inayobaki ndani ya maji. Harufu yake sitaieleza.

Kinadharia, kuyapasua maji matupu huhitaji volti 1.23, ilhali kupata haidrojeni kwa kuoksidisha urea, yaani kuivunja namna hiyo, huhitaji volti 0.37 tu. Gerardine Botte na wenzake wa Chuo Kikuu cha Ohio, Marekani, walichapisha kazi yao kuhusu jambo hili mwaka 2009, tena kwa nikeli, metali ya bei nafuu mno ikilinganishwa na platini. Hata hivyo, ndugu zangu, hiyo 0.37 ni ya kwenye karatasi: nikeli haifanyi kazi mpaka lile tabaka jeusi liumbike, na kuliumba kunadai volti za ziada, hivyo nafuu halisi ni ndogo kuliko inavyotangazwa.

Majitaka ya mjini yana ugumu wake, kwa kuwa bakteria huanza kuigeuza urea kuwa amonia yakiwa bado mabombani. Mimi ningeanzia kwenye vyoo vya shule na stendi, ambako mkojo unaweza kutengwa ungali mbichi.